Kelele za Kumdanganyia Baba

Kila mmoja aitikie salamu ya kwao, maana humu tumechanganyika. Mwenyekiti amesema tukitoa ushuhuda tusitaje majina, basi sitataja la mtu. Naomba nisimame, nikikaa nitalia mapema.

Mke wangu alipata kazi ya ofisi hapa Kigali. Mimi nikaacha ukarani wa ghala Dar, tukaja na mtoto wetu. Nilijua nitapata kitu. Ndugu zangu, sikupata. Asubuhi nampeleka mtoto nasari, narudi, naosha vyombo, natazama saa: saa mbili na nusu. Sasa mpaka jioni nifanye nini? Mwanamume mzima nilikuwa najibanza nyuma ya pazia, nikisubiri jirani aondoke ndipo nitoke kuanika nguo. Chekeni tu, mimi nilikuwa nafanya hivyo.

Baba yangu, kule Korogwe, alikuwa mtu wa reli. Kwake kazi haichezewi. Alimzika mama yake mchana, jioni akaingia zamu. Siku moja nilikuwa Gisozi, hapa hapa Kigali, kwenye karakana za samani, natafuta kitanda cha mtoto, baba akapiga simu. Akauliza, "Kelele gani hizo?" Mdomo ukanitangulia: "Niko kazini, baba. Nasimamia mafundi." Mzee alifurahi! Nikamsikia anamwambia mama, "Anasimamia watu."

Nikawa mtumwa wa neno hilo. Kila Jumatatu na Jumatano nachukua moto, hizi pikipiki za abiria, hadi Gisozi, nakaa kwenye benchi la fundi mmoja, pembeni ya mashine ya randa. Ikianza kulia, nampigia baba. Naongea haraka haraka kama bosi: "Baba, nina dakika mbili tu." Dakika mbili! Na siku nzima ilikuwa yangu.

Yule fundi hatimaye akaniuliza, "Wewe muzee, kila siku iko unakuja hapa na hauko nanunua kitu. Iko shida gani?" Nikamwambia kuna mtu namsubiri.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa nyumbani nachambua maharage. Simu ikaita. Baba. Haikuwa kawaida yake kupiga, mimi ndiye niliyekuwa nampigia. Nyumba ilikuwa kimya, hata redio sikuwa nimewasha. Nikaitazama ile simu ikiita mpaka ikanyamaza. Nikajiambia nitampigia Jumatatu, kukiwa na kelele. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya Umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, nikazibua mtaro na majirani, nikitaniana nao. Jumapili alfajiri dada yangu akapiga analia.

Baba alikuwa mgonjwa wiki tatu. Wote nyumbani walijua isipokuwa mimi. Aliwakataza wasiniambie. Alisema, "Msimsumbue, ana watu wa kusimamia."

Nilifika Korogwe wameshazika. Siku ya tatu nilikaa mkekani mbele ya mama, nikamwambia yote: benchi, mashine, simu ya Ijumaa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kila jioni alikuwa anauliza, 'Kigali wako nyuma yetu saa moja, sijui wameshatoka kazini?' Ile Ijumaa alishindwa kungoja."

Ndugu zangu, nawaambia, hilo halijapona. Wengine husimama hapa wamepona kabisa. Mimi nimepona nusu.

Nusu yenyewe ilianzia kwenye lile benchi. Niliporudi nilikwenda Gisozi, simu nikaiacha mfukoni, nikamwambia fundi ukweli. Akasema, "Ihangane," ndiyo pole yao, kisha akanipa kipande cha msasa. "Kaa hapa. Piga msasa hii muguu ya meza." Nikapiga msasa huku nalia, na hakuna aliyenitazama. Mpaka leo naenda kwake asubuhi tatu kwa wiki. Malipo yangu mara nyingi ni chai na mandazi. Siku zilizobaki nafua, napika, na nguo naanika jirani akiwepo. Juzi amenisaidia kukamua blanketi.

Namshukuru fundi yule. Namshukuru mke wangu, hajawahi hata siku moja kuniita mzembe. Aliyeniita hivyo ni mimi mwenyewe. Na ninyi nawashukuru, mlikuwa mnanialika kila Jumapili nami najibu nimebanwa na shughuli. Shughuli gani!

Mwenye masikio na asikie. Kama uko ugenini na huna kazi, waambie kwenu hivyo hivyo. Utaona aibu wiki moja, itapita. Lakini wakijua una nafasi, watakuita ungali na muda wa kufika.

Siku hizi mama hupiga saa yoyote. Mazoea ni mazoea, bado huanza kwa kuuliza, "Mwanangu, sikusumbui? Una nafasi?" Hata kama kitunguu kinaungua, nazima jiko, nakaa chini.

"Ninayo, mama. Nina siku nzima."