Mwalimu Panzi, Mkuu wa Mwisho wa Shahada ya Wadudu

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima na chuo kizima walimwita Mwalimu Panzi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa karani wa posta na mkunga. Wa pili ni mimi ninayewasomea wasifu huu, fundi cherehani. Jina la Panzi alilipata akiwa na miaka saba, mama alipofungua kopo la sukari na panzi kumi na mmoja wakamrukia usoni. Alichapwa. Kesho yake akaomba kopo lake tena, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa kumi na wawili.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni hadi 1980, na mwaka 1984 akatunukiwa Shahada ya Sayansi ya Wadudu. Baba alitaka mwanasheria. Wageni wakimuuliza mwanawe kasomea nini, alijibu "sayansi" na kubadilisha mazungumzo.

Mwaka 1989 alikwenda sokoni akamwambia muuza nafaka mmoja kwamba anataka maharage, ila yale yenye wadudu. Muuzaji huyo hupenda kusimulia: "Nikajua huyu ama hana akili, ama ananitaka." Walifunga ndoa tarehe 20 Januari 1990, gauni nikashona mimi. Walijaliwa watoto wawili, na katika nyumba yao hakuna aliyeua mende bila kutoa sababu.

Alifundisha chuo kile kile alichosoma tangu 1988 hadi alipostaafu 2021. Wakulima walimletea mahindi yaliyotobolewa, naye akawaambia ni mdudu gani na afanyiwe nini. Waliopungua ni wanafunzi. Serikali, kupitia baraza la vyuo, ikaagiza kwamba shahada itakayokosa idadi ya kutosha ya wanafunzi wapya miaka mitatu mfululizo ifungwe. Na kwa kuwa vyuo vingine viliwahi kuandikisha hata marehemu, maafisa hawakutaka madaftari. Walikuja wenyewe kuhesabu vichwa, siku moja tu, saa tatu kamili asubuhi.

Mwaka wa tatu kaka alipata tisa, na walitakiwa kumi. Akaja kwenye banda langu la ushonaji.

"Mdogo wangu, cheti chako cha sekondari bado unacho?"

"Kaka, nina miaka hamsini na mbili."

"Mdudu haulizi umri."

Nilijisajili kihalali, nikahudhuria wiki mbili, na nikaanza kuyapenda masomo. Siku ya kuhesabiwa, Jumanne tarehe 9 Oktoba 2018, nilikuwa namalizia sare za kwaya. Nikajiambia bado vifungo sita tu. Nilifika saa tatu na dakika arobaini nikihema, gari la maafisa likitoka getini. Kaka akanishika bega.

"Usijisumbue. Wamebadilisha leo leo, wanataka kumi na watano. Hata ungelala humu darasani, tusingefika."

Nikaitukana serikali miaka mitano na ushei.

Shahada ilifungwa Desemba. Kaka aliandika barua saba, akajibiwa mbili, zote zikimshukuru kwa ushirikiano. Wanafunzi wake walihamishiwa masomo mengine, naye akapewa kufundisha stadi za mawasiliano katika ukumbi wa watu mia tatu. Masanduku ya wadudu aliowakausha kwa miaka thelathini yalisukumwa stoo ya viti vibovu, na mwenye funguo kila siku alikuwa "ametoka kidogo". Stoo ilipofunguliwa, wadudu hai walikuwa wamewala waliokufa. Kaka alitaja jina la mdudu aliyefanya kazi ile, kisha akaomba mahali pa kukaa.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Madaktari walifanya waliloweza, nasi tukafanya letu, ambalo lilikuwa kukaa naye tu. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Sehemu inayofuata haimo kwenye karatasi mlizoshika. Familia iliona isichapwe.

Juzi Alhamisi nilipekua mafaili yake kutafuta tarehe za kuandika humu, nikakuta barua ya baraza. "Waliohudhuria: tisa. Kiwango cha chini: kumi." Nikaipeleka jikoni kwa mkewe. Aliisoma, akaniambia taratibu:

"Alijua, wifi. Alinikataza nisikwambie. Yule afisa alimhurumia, akamwambia, mwalimu, sema tu yuko msalani, nami niandike kumi. Yeye akajibu, hajafika."

Naona aibu, na naumia. Angenigombeza siku ile, ningemwomba radhi mpaka achoke kunisikia. Miezi mitano nilikaa kando ya kitanda chake nikimlisha uji na kuilaani serikali, naye ananisikiliza tu, akisema, "Acha, mdogo wangu, yamepita." Sasa radhi hiyo sijui niipeleke wapi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, wanafunzi tisa walioketi pale nyuma, na mdogo wake mmoja.

Leo nimekuwa wa kwanza kufika hapa, kaka. Haijasaidia kitu. Lala kwa amani.