Mzee Sebastian na Pumzi ya Talha

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, fundi mitambo wetu, Mzee Sebastian Nnunduma, anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha redio hapa Kiwalani kwa miaka ishirini na saba. Nimeombwa niandike maneno machache kwa kuwa meza yangu ya maktaba ya sauti imepakana na karakana yake tangu nilipoajiriwa.

Mzee Sebastian alizaliwa Newala, kwa baba mchonga vinyago. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akajifunza kutengeneza redio Temeke, na mwaka 1998 akaajiriwa hapa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Chai yake aliinywa imepoa, maana alikuwa akiisahau.

Kazi anayojulikana nayo zaidi ni kile kisanduku cha mninga kilicho kando ya meza ya studio. Wageni hudhani ni cha vito, na Bi Margareta wa usafi alikiwekea kitambaa cha kufuma hadi alipoambiwa kinahitaji hewa. Ndani yake mna saketi ya kutolea sauti aliyoilehemu mwenyewe. Sauti zetu zimehifadhiwa kwenye kompyuta kama tarakimu. Kuna chipu ndogo inayozigeuza tarakimu hizo ziwe sauti tena, nasi huiita daki. Saketi ya Mzee Sebastian huipokea sauti hiyo na kuifikisha kwenye mitambo.

Shida ni kwamba daki hazifanani. Nyingine hutoa mkondo mdogo wa umeme, na lazima rezista iugeuze kuwa volti. Nyingine huja na volti tayari, pamoja na umeme wa ziada ambao lazima kapasita iuzuie. Kila daki ilipokufa na aina yake kutopatikana tena Kariakoo, yeye alifungua kisanduku na kuirekebisha saketi ipatane na daki ngeni.

Mwaka 2014 alikosea. Alifunga daki mpya akasahau kutoa rezista ya ile ya zamani. Asubuhi hiyo mume wangu, Talha, aliyekuwa mtangazaji wetu, alikuwa na rekodi yake ya matangazo ya vifo hewani. Sauti ilipasuka na kutetemeka, ikawa kama anacheka. Familia moja ya Vingunguti ilikuja getini na hasira. Kaka wa marehemu alifoka, “Nyie mnamcheka maiti wetu?” Mzee Sebastian alienda nao msibani, akakaa mkekani na fulana yake yenye madoa ya risasi ya kulehemu, akarudi baada ya maziko.

Tangu hapo aliweka utaratibu ambao haupo kituo kingine ninachokijua: hakuna daki inayoingia hewani kabla ya kupitishwa kwa rekodi ileile ya matangazo ya vifo. Talha alikuwa na mazoea ya kuvuta pumzi ndogo kabla ya kila jina. Pumzi ikisikika, Mzee Sebastian aliandika kwenye daftari, “Imepita.” Isiposikika, alishika tena chuma cha kulehemu. Talha alikuwa akimtania, “Mzee, utanizika mara ngapi?”

Talha alifariki Aprili 2022. Daki ya wakati huo ilikuwa nzuri, na Mzee Sebastian aliendelea kuipima mara kwa mara kwa rekodi ile. Nikipita karakana nikasikia ile pumzi, nilisimama kidogo, kisha nikaendelea na kazi.

Januari mwaka huu umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, daki ile ikaungua. Mpya aliihangaikia wiki tatu. Alibadilisha rezista, akabadilisha kapasita, akapima kwa mita, vipimo vikawa sawa. Lakini masikio yake hayazisikii tena sauti nyembamba. Akaniita. “Bi Zubeida, mie sisikii. Pumzi ipo?”

Nikamwambia ipo. Haikuwepo. Majina yalipoanza, yalifuatana makavu, kama yanasomwa na mtu asiyepumua. Nilimwona amechoka, nikataka apumzike. Akaandika, “Imepita,” na kisanduku kikarudi hewani.

Wiki iliyopita alinikabidhi daftari lile pamoja na funguo. Neno la mwisho, “Imepita,” lilikuwa limekatwa kwa mstari, na chini yake ameandika: “Haijapita. Bi Zubeida alijibu kabla Talha hajamaliza salamu, hata jina la kwanza bado. Ana huruma.”

Alikunja koti lake la kazi, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akaenda kunywa chai yake.

Uongozi unaleta mtambo uliotengenezwa tayari. Utafanya kazi vizuri, naamini. Hautakuwa na mtu wa kuusikilizia pumzi. Nimejaribu kila asubuhi na rekodi ile kwenye kisanduku, na pumzi sijaisikia, na sidhani kama nitaisikia tena.

Mzee Sebastian, asante kwa miaka ishirini na saba. Asante kwa mkeka wa Vingunguti. Asante kwa kumtunza Talha miaka mitatu baada ya sisi kumzika. Nisamehe kwa lile jibu. Nenda nyumbani kwa mkeo, mama Flaviana, unywe chai ikiwa ya moto, na Mungu akupe siku nyingi za utulivu. Daftari nimelifungia kabatini kwangu. Sikulifuta neno lako.

Zubeida Anwar
Maktaba ya Sauti