Hatua za Yingying

Kwenye basi hapa Changsha, mbele yangu alikaa bibi mwenye saa ya kitoto ya rangi ya waridi, ile ya kuhesabu hatua. Mkono aliutikisa muda wote kama anayefukuza nzi.

"Ya mjukuu wangu, Yingying," alimwambia mama aliyekaa naye. "Shule inataka hatua elfu nane kwa siku. Mtoto ana hesabu, ana Kiingereza, sasa hivi yuko kwenye piano. Atatembea saa ngapi? Natembea mimi."

"Dada, unamdanganya mwalimu."

"Kipindi cha michezo wanafundishwa hesabu, mwalimu anajua. Juzi Yingying kapewa cheti cha ukakamavu."

Nilitaka kucheka, lakini bibi alishusha sauti.

"Jana lifti iliharibika. Tunakaa ghorofa ya sita. Tulipofika ya tatu tu, mtoto akakaa kwenye ngazi, midomo imebadilika rangi. Ana miaka tisa. Nikambeba mgongoni."

"Basi mrudishie saa yake, dada."

"Mitihani ikiisha."

"Itaisha lini?"

Basi likasimama. Bibi akashuka haraka, mwepesi kama msichana, na saa ikatangaza kwa sauti tamu: hongera Yingying, umetimiza hatua zako za leo.