Winifrida na Mkanda Ulioharibika

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya Winifrida Marcelino, Mama Severa, kama mumewe, Leodegar, alivyoyaandika na kuomba yasomwe na kaka wa marehemu.

Winifrida alizaliwa tarehe 14 Juni 1941, Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akasoma shule ya misheni hukohuko, akahitimu ualimu mwaka 1961, na kuanzia Januari 1965 hadi ugonjwa ulipomzuia alifundisha shule ya msingi hapa Kariakoo, ambako wanafunzi walimwogopa asubuhi na kumsindikiza nyumbani jioni.

Tarehe 17 Septemba 1966 alifunga ndoa na Leodegar, aliyekuwa ametoka chuo kikuu na kuajiriwa bandarini, wakajaliwa watoto wawili, Severa, mwaka 1968, na Onesphory, mwaka 1975.

Wachaga wenzake walipopanda mabasi kwenda nyumbani kila Desemba, yeye alibaki, wakamtania kwamba ameolewa na sinema, kwa sababu kila mkesha wa Krismasi Bwana Kantilal, mwenye duka la picha Mtaa wa Msimbazi, alileta projekta kwenye ukumbi wa parokia na kuonyesha filamu ile ya zamani ya tajiri bahili anayejiwa na mizimu usiku wa Krismasi, na Winifrida, akisimama kando ya shuka jeupe, aliwasemea wahusika wote kwa Kiswahili, bahili kwa sauti ya mwenye duka aliyeficha sukari, mizimu kwa sauti ya katekista.

Mwaka 1978 mvua iliingia dukani, ikaharibu mkanda wa mwisho, na mwingine haukupatikana kwa kuwa fedha za kigeni hazikuwapo, hivyo filamu ikaishia pale bahili anapoonyeshwa kigoda kitupu cha mtoto mgonjwa wa karani wake, kana kwamba amekwisha kufa, na tangu hapo Winifrida aliusimulia mwisho kwa kichwa, mbele ya mwanga mtupu, kwamba yale yalikuwa maono tu, bahili akaamka, akatubu, na mtoto hakufa.

Tarehe 2 Novemba 1981 Onesphory alifariki kwa surua. Leodegar alimsihi mkewe asiende ukumbini mwaka ule, lakini akaenda, na mkanda ulipokwisha alisimama kwenye mwanga, akasema, "Alikufa," watoto wakaanza kulia, ndipo Mzee Mwinyimvua, muuza nazi, Mwislamu aliyewaleta wajukuu wake kila mwaka, akamwambia taratibu kutoka nyuma, "Mama Severa, usituache hapo, mwanangu. Tumalizie." Akamaliza. Nyumbani hakula.

Figo zake zilianza kushindwa Machi 1983, dawa hazikuwapo, mumewe alizitafuta kwa kila aliyemfahamu, hadi kwa mabaharia wa meli za kigeni, akarudi mikono mitupu, na tarehe 18 Desemba Winifrida alimwuliza, "Jumamosi nani atawaambia mtoto hakufa?" Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 19 Desemba 1983, na atazikwa Kibosho, kando ya Onesphory.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakumficha kitu, walimu wenzake, majirani waliopika na kukesha nasi, na Bwana Kantilal, aliyekataa kufuta onyesho la Jumamosi, mkesha wa Krismasi. Leodegar atakuwa Kibosho siku hiyo, naye anaomba yeyote kati yenu anayeukumbuka mwisho asimame kwenye mwanga aumalize, kwa kuwa yeye, kwa sasa, anakiona kigoda tu.

Pumzika, Winifrida, kwa amani ile uliyowapa watoto wa wenzio wakati wewe mwenyewe hukuwa nayo.