Enceinte ya Miaka Mia Sita

Kwenye benchi la mtaa wa Bwiza, mbele ya gereji, hakuna habari inayopita bila kutiwa chumvi, na mwenye chumvi nyingi ni Bonfils, waliyemwita Parabole, yaani dishi, kwa kuwa hunasa redio zote za Kifaransa, ingawa Kifaransa chenyewe humpiga chenga. Asubuhi hiyo Uthmani fundi, jina la kijiweni Buji, alikaa kati ya Bonfils na Amissi, shemeji yake. Alikunywa kahawa kwa raha, masikini, kama mtu asiye na mke wa siri kule mtaa wa Mutanga Nord, mwenye mimba ya miezi minne. Mke wake wa kwanza, Mwanasiti, dada yake Amissi, hakuwa na habari.

— Avion, ndege ya wazungu, imepita juu ya pori ya Kongo, Bonfils akaanza. Inatupa laser chini, inapenya majani yote. Imevumbua enceinte!

— Mwanamuke wa mimba? Amissi akashangaa. Ndani ya pori?

— Enceinte ni nini ingine? Tena ya miaka mia sita.

— Mia sita! Uyo mutoto atazaliwa na ndevu.

— Atazaliwa na pensheni kabisa!

Uthmani hakucheka. Akaweka kikombe chini.

— Iyo laser, inapenya na mabati?

— Imepenya miti ya mita makumi tano, we unaongea mabati! Inapima enceinte, upana na urefu, banaandika kwenye karte, ramani kabisa. Kila mutu ataona.

— Na baba?

— Baba anatoka na rangi nyekundu.

Ndege ikanguruma juu ya Mutanga, ikishuka kwenda uwanjani. Uthmani akaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Akamshika Amissi mkono.

— Shemeji, kabla baandike kwenye karte, mi nikuambie mwenyewe. Ile ya Mutanga Nord ni yangu. Wallahi ni ya halali.

Pontien, mwalimu wa jiografia aliyekuwa ndiyo kwanza ameleta pikipiki yake itengenezwe, akaangua kicheko.

— Enceinte ile ni ukuta ya udongo na mufereji! Batu ba zamani balizungushia muji yabo. Apana mwanamuke.

Bonfils akachungulia kikombe chake kitupu. Pontien, bila ubaya wowote, akamgeukia Uthmani.

— Sasa papa, ukuta yako ya Mutanga ni ya nini?

Uthmani akainuka, akaokota spana, akaielekea pikipiki. Amissi alikuwa ameshatoa simu, ameshabonyeza jina la dada yake.

— Mujibu mwalimu, shemeji. Sema kwa nguvu, na Mwanasiti asikie.