Radhi ya Kutosimama

Mgeni rasmi, kabla ya salamu, radhi. Ulipoingia hatukusimama. Mshereheshaji alirudia, "Tusimameni jamani," na jicho alilotukata tumeliona. Si jeuri. Tumekusubiri hemani tangu asubuhi, na joto kwetu hukata miguu. Karibu sana.

SISI NI NANI

Ni wagonjwa wa maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi, pamoja na jamaa zetu. Kinga ya mwili, badala ya kutulinda, hutafuna ganda la mishipa ya fahamu, mtu akabaki kama waya uliochunika. Ugonjwa huu huja na kuondoka. Leo jicho lina ukungu, mwezi ujao linaona. Leo unayumba hadi jirani anauliza umelewa wapi mapema hivi. Lakini kila ukiondoka, huondoka na kitu.

MAFANIKIO

Hospitali ilipotufungulia chumba cha dripu ya dawa, wengi tulirudi kazini. Mwalimu alirudi darasani, na Fundi, mshona suti wetu, kwenye cherehani yake. Kwa hilo tunashukuru kwa dhati.

CHANGAMOTO

Mwaka jana kamati ya hospitali ilisema dawa ni ghali, anayetembea vizuri asimamishiwe. Tukaitwa kukaguliwa. Mke wa Fundi, ndiye huyu anayekusomea, alimwambia, "Baba, chukua mkongojo."

"Niingie kwa wakubwa na gongo, kwani naenda kupigana?"

Akavaa suti, akauacha mkongojo nje ya mlango, akaingia amenyooka. Mwenyekiti akacheka: "Mbona mzima wewe! Hata mimi sina suti kama hiyo." Dripu ikakatwa. Miguu ilikufa mvua zilizofuata, na siku alizolazwa wodini zimekula fedha nyingi kuliko dawa yenyewe. Sasa mikono imeanza kutetemeka. Tumekasirika, hatufichi.

MAOMBI

Tumesikia leo unaamua nani aendelee na dawa. Tafadhali usitupime kwa macho. Mwombe daktari wetu picha za ubongo. Makovu yamo humo. Na Fundi arudishiwe dripu kabla mikono haijafuata miguu.

Yuko hapa mbele, na suti ile ile. Tangu risala ianze ananong'ona, "Nishikeni nisimame, mgeni asituone hatuna adabu." Tumemkatalia. Kaa, Baba. Ulishasimama mwaka jana.

Mgeni rasmi, Mungu akulindie miguu yako.

Ni sisi, Wagonjwa na Wauguzaji wa Chumba cha Dripu.

Tumeketi.