Bata wa Taulo

Tangu siku tuliyomzika mke wangu, ghorofa aliyokuwa akiisafisha kwenye hoteli ya bustani ya mabembea imefungwa. Leo asubuhi, ndani ya basi, wahudumu wawili wa vyumba, wenye sare ya hoteli hiyo, walikaa mbele yangu bila kunijua.

“Wageni wanaambiwa vyumba vimejaa, kumbe vitupu, wasafishaji hatutoshi,” alisema yule mkubwa kwa umri. “Halafu leo ghorofa ya marehemu wanakupa wewe, wa kuja juzi!”

“Dada, wivu hautandiki kitanda.”

“Mwenzio marehemu alikunja taulo likawa bata, watoto wa wageni wakacheka. Wewe utakunja nini?”

“Bata huyohuyo. Alinifundisha.”

“Akaninyima mimi, shoga yake?”

Hata mimi, mumewe, sikuwahi kumwona bata huyo. Nyumbani taulo lilining'inia msumarini.

Basi likasimama, wakashuka wakibishana. Ghorofa inafunguliwa leo.